Alama Moja Kati ya Nne

Februari, Tartu. Mto Emajõgi umeganda,
na wanafunzi wanaingia kliniki na theluji mabegani,
wanaipangusa mlangoni kama watu wanaoomba radhi.

Wa kwanza ni Kaarel, mwaka wa pili, uhandisi.
Koo, anasema. Na mtihani ni Ijumaa.
Anataka vidonge vile vya rangi mbili
alivyomeza mwenzake wa bweni, akapona siku ya nne.

Siku ya nne, Kaarel, hata asiyemeza kitu huanza kupata nafuu.
Sisemi hivyo. Nasema: fungua mdomo.

Nahesabu, kama muuza duka anavyohesabu chenji.
Homa, hakuna.
Usaha kwenye mafindofindo, hakuna, ni wekundu tu.
Tezi za shingo, naam, nikizigusa anakunja uso.
Na kikohozi, ambacho kukosekana kwake kungekuwa alama,
kipo, kinagonga kuta za chumba.
Moja kati ya nne.

Namwambia: maelfu ya makoo yalitangulia lako.
Watu waligawanywa kwa kura,
hawa dawa, hawa unga mtupu uliofinyangwa ufanane na dawa,
na daktari mwenyewe hakujua kampa nani nini.
Wengi walipona, huku na huku.
Waliomeza dawa walitangulia kwa saa kadhaa,
na baadhi yao walizitumia saa hizo chooni.

"Kwa hiyo hunipi kitu."

Nakupa. Kidonge cha maumivu, baada ya kula.
Maji ya chumvi ya kusukutua. Usingizi, ambao hutaupata.
Na karatasi hii: ukishindwa kumeza mate,
homa ikipanda, shingo ikivimba upande mmoja,
rudi, hata usiku wa manane.

"Bibi yangu hunipa asali," anasema chinichini,
kana kwamba ametukana mbele ya vitabu vyangu.

Asali imo vitabuni, Kaarel. Waliipima.
Kikohozi hulegea kidogo. Bibi yako aliwahi kabla ya takwimu.

"Na vitunguu ndani ya soksi?"

Hapo bibi yuko peke yake.
Anacheka, kicheko kinageuka kikohozi.

Helmi anaongea na kalenda ya ukutani.
Si kitu, anaiambia. Siku tano tu. Inaunguza kidogo tu.
Mficha maradhi, waliosema walisema,
ila hawakusema kwamba mfichaji huwa amechoka
kuulizwa analala na nani.
Simuulizi zaidi ya ninachohitaji kujua.
Mkojo unajibu kwa niaba yake,
na mkono uliomnyima Kaarel unaandika bila kusita:
dawa ya bakteria, siku tano, umalize zote.
Ushahidi si ubahili. Husema ndiyo pia.

Halafu Taavet. Uchovu, tangu Novemba.
Damu yake imerudi maabara mara mbili, haina la kusema:
chuma kipo, tezi ya koo inafanya kazi, hakuna virusi.
Nafungua majedwali, nayafunga.
Hakuna kura iliyopigwa kwa ajili ya jioni zake.
"Chakula cha usiku unakula na nani?"
Theluji inayeyuka kwenye viatu vyake,
dimbwi dogo, linasogea kuelekea mguu wa meza yangu.
Tunalitazama wote wawili.
Nampa miadi ya Jumatatu. Na Jumatatu nyingine.

Saa saba usiku, nyumbani, koo langu linawaka.
Droo ya chini ina pakiti iliyobaki ya mume wangu,
rangi mbili, nusu imetumika.
Najua hesabu. Nimeifundisha.
Mkono bado unakwenda, unaishika pakiti, unaitikisa,
na sauti ile ya vidonge ni tamu, siwezi kukana.

Nachunguza shingo yangu gizani kwa vidole viwili.
Nakohoa.
Alama moja, labda.
Naiacha pakiti juu ya meza, niirudishe duka la dawa kesho,
nakwenda jikoni kutafuta kijiko.